Safu ya Lugha: Mtazamo si Msimamo

Wanafunzi wa sekondari mara nyingi huchanganya mtazamo wa msimulizi na msimamo wake. Mtazamo, kutokana na kutazama, ni jicho linalokiona kisa. Msimamo, kutokana na kusimama, ni upande ambao mtu anaushikilia. Maisha ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa ambaye baba yake aliishi Tabora, yamesimuliwa kwa nafsi ya kwanza: msafara unaonekana kwa jicho la mwenye mali. Mpagazi wa Kinyamwezi, pembe ikimlemea begani, angeisimulia njia ile ile kwa mtazamo mwingine. Ila katika vita vya 1871 kati ya Mirambo, mtawala wa Kinyamwezi, na Waarabu wa Tabora, wapagazi wawili wangeweza kuona mapigano yale yale, mmoja akamuunga mkono Mirambo, mwingine Waarabu: huo ndio msimamo. Mwalimu aulize kwanza nani anaona, kisha yuko upande wa nani.