Mtu Aliyezaliwa na Mkato

Pwani ya Amalfi, kusini mwa mji wa Napoli huko Italia, haimpendi mtu wa miguu. Milima imeshuka wima mpaka majini, na miji yake imejibana ndani ya makorongo kama viota vya mbayuwayu. Barabara ya kupitisha magari ya farasi ilikamilika katikati ya karne ya 19 tu. Kabla ya hapo mwenye safari alipanda ngazi za mawe pamoja na punda wake, la sivyo alipanda chombo. Kwa hiyo anayetaka kuielewa historia ya pwani hii ni heri aiendee kwa bahari. Mabasi yapo, yanapita huko juu, lakini abiria wake hawaoni historia. Wanaona kona inayofuata na kumwomba Mungu.

Binti yangu, ambaye kazi yake imempeleka Salerno, alitukatia tiketi za boti mimi na mwanawe wa miaka kumi na mmoja. Boti hizo husafiri katika miezi ya joto, na siku moja yatosha kwenda mpaka Positano, kushuka Amalfi njiani, na kurejea kabla jua halijazama. Mjukuu wangu alibeba daftari. Mwalimu wake alikuwa amewapa kazi ya kuandika ukurasa mmoja juu ya mgunduzi mashuhuri wa Italia, naye alikwisha kumchagua mtu wake: Flavio Gioia wa Amalfi, mgunduzi wa dira ya mabaharia.

Watalii wengi huitumia Salerno kama kituo cha kupandia boti tu. Hapo ndipo katika karne ya 11 alipofika Constantinus, aliyeitwa Mwafrika kwa kuwa alitoka Afrika ya Kaskazini, akafasiri vitabu vya tiba kutoka Kiarabu kwenda Kilatini. Waganga wa Ulaya walivisoma vitabu hivyo kwa karne nyingi. Katika makumbusho ya kanisa mjini humo mna vibao vya pembe za ndovu vilivyochongwa visa vya Biblia katika karne ya 11 na ya 12. Wataalamu wanasema pembe hizo ni za ndovu wa Afrika, zilizofika huko kupitia masoko ya Waislamu. Waliovichonga hawakuacha majina yao. Nawaomba wasomaji waliweke jambo hilo akilini.

Boti iling'oa nanga saa tatu kasoro. Tulipita Vietri, mji wa vyungu na vigae vya rangi, kisha Cetara, mji wa wavuvi wanaokamua mchuzi kutokana na vidagaa vilivyotiwa chumvi. Juu ya kila rasi kumesimama mnara wa ulinzi, mingi ikiwa ya karne ya 16, iliyojengwa kuwatazamia maharamia kutoka Afrika ya Kaskazini. Maiori ina ufuko mrefu kuliko wenzake. Tarehe 9 Septemba 1943 askari wa Marekani walishuka hapo wakati majeshi ya Washirika yalipotua katika ghuba ya Salerno; na mnamo Oktoba 1954 mvua ya usiku mmoja iliteremsha matope ya mlima juu ya Maiori, Vietri na Salerno, wakafa watu zaidi ya 300. Halafu Minori, penye magofu ya nyumba ya tajiri Mrumi wa karne ya kwanza, na Atrani, wilaya ndogo kuliko zote za Italia kwa eneo. Ukipiga chafya hapo umekwisha kuipita.

Ndipo ikaonekana Amalfi.

Mtu akitazama mji huo kutoka majini hushangaa jinsi mahali padogo namna hii palivyopata kuwa dola. Palikuwa dola kweli. Mwaka 839 watu wa Amalfi walijitoa katika utawala wa Napoli, wakajitawala wenyewe. Shamba hawakuwa nalo, isipokuwa matuta ya limau na mizabibu yaliyochongwa mlimani. Kwa hiyo walikwenda baharini. Walipeleka mbao na nafaka Afrika ya Kaskazini na Misri, wakarudi na dhahabu, wakaenda kununua hariri Konstantinopoli. Sarafu yao ya dhahabu, tari, waliipiga kwa kuigiza robo dinari ya Waislamu, pamoja na alama zilizofanana na herufi za Kiarabu, ili ipokelewe kila soko. Hao walikuwa wafanyabiashara hasa! Msafiri Mwarabu Ibn Hawqal, aliyeandika katika karne ya 10, aliusifu mji huu kwa utajiri kuliko jirani zake. Milango ya shaba ya kanisa kuu, ambayo mgeni huifikia baada ya kupanda ngazi 62, ilitengenezwa Konstantinopoli yapata mwaka 1060. Watu wa Amalfi ndio pia walioanzisha hospitali ya mahujaji Yerusalemu katika karne ya 11, kabla ya Vita vya Msalaba, na kutokana nayo likatokea Shirika la Mtakatifu Yohana. Waliandika hata sheria za bahari: nani alipe shehena ikitoswa wakati wa tufani, na baharia apate fungu gani.

Anguko lao halikuwa la siku moja. Wanormani waliuteka mji mwaka 1073, na mwaka 1131 uhuru wake ukaisha kabisa. Wapisa, waliokuwa washindani wao wa biashara, waliupora mwaka 1135 na tena 1137. Kisha, usiku wa kuamkia tarehe 25 Novemba 1343, bahari ikapanda na kuichukua sehemu ya chini ya mji pamoja na bandari. Mshairi Petrarca alikuwa Napoli siku hizo, akaueleza msiba huo katika barua. Kwa karne nyingi watu waliuita dhoruba. Mwaka 2019 watafiti walitoa hoja kwamba huenda yalikuwa mawimbi ya tsunami, yaliyosababishwa na ubavu wa volkano ya Stromboli kuporomokea baharini. Karakana ya kuundia merikebu ingali na matao yake ya mawe karibu na gati, lakini sehemu yake iliyoelekea majini ilimezwa.

Mbele ya bandari imesimama sanamu ya shaba. Ni ya mwanamume aliyevaa joho na kofia ya zamani, ameinamia chombo kilichomo mikononi mwake. Kipaza sauti cha boti kilikuwa kimekwisha kututangazia kwamba huyo ni Flavio Gioia, aliyegundua dira mwaka 1302. Mjukuu wangu alisimama chini yake akaichora kwa bidii.

Bahati mbaya ni kwamba huyo mtu hakuwako.

Hadithi yake inastahili kusomwa na kila mwalimu wa lugha. Katika karne ya 15 mwanachuoni Flavio Biondo, katibu katika ofisi za Papa, aliandika kwamba watu wa Amalfi husifiwa kwa kugundua matumizi ya sumaku katika safari za baharini. Hakutaja mtu, alitaja mji. Mwaka 1511 Giambattista Pio wa Bologna aliirudia habari hiyo kwa Kilatini, na kama mwandishi mwaminifu akaonyesha aliitoa wapi: kwa Flavio. Lakini aliipanga sentensi yake kwa namna iliyompa msomaji nafasi ya kuweka mkato pasipo pake. Nitoe mfano wangu mwenyewe wa Kiswahili. Andika: “Dira iligunduliwa Amalfi, na Flavio yasemwa.” Hapo Flavio ni msemaji wa habari. Sasa usogeze mkato: “Dira iligunduliwa Amalfi na Flavio, yasemwa.” Papo hapo mwandishi wa vitabu amegeuka baharia. Waliomfuata Pio katika karne hiyo hiyo waliusoma mkato mahali pabaya. Mwanahistoria wa Napoli, Scipione Mazzella, akampatia kwao pa kutoka, mji wa Gioia huko Puglia, na pakawa jina la ukoo. Baadaye akapewa na mwaka wa ugunduzi. Mwanzoni mwa karne ya 20 padre mmoja mwanasayansi, Timoteo Bertelli, alizichambua nyaraka akaonyesha kwamba nyuma ya jina hilo hamna mtu. Sanamu ikabaki.

Dira yenyewe ni ya zamani zaidi ya 1302. Wachina walieleza sindano ya sumaku katika karne ya 11, na mwanzoni mwa karne ya 12 wakaandika jinsi mabaharia wao walivyoitumia wakati mawingu yamefunika jua na nyota. Alexander Neckam wa Uingereza aliitaja mwishoni mwa karne hiyo ya 12. Huenda mabaharia wa Mediterania, wa Amalfi wakiwamo, ndio walioiweka sindano juu ya ncha ndani ya kisanduku na kuiunganisha na duara la pande za upepo, ili isomeke kwenye chombo kinachoyumba. Kama ni hivyo, ilikuwa kazi ya mafundi wengi katika miaka mingi.

Nilimweleza mjukuu wangu hayo tukiwa tumeketi kwenye kivuli cha ngazi za kanisa. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, “Babu, basi nimfute?” Sauti yake haikuwa ya mtu aliyefurahi kuelimishwa. Alikuwa amepoteza shujaa, na kazi ilitakiwa Jumatatu.

“Usimfute,” nikamwambia. “Andika jinsi alivyozaliwa.”

“Mwalimu anataka mtu aliyegundua kitu.”

Hapo ndipo palipo na mgogoro wenyewe, wala si wa Italia peke yake. Kwa miaka mingi nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na swali nililopigana nalo kuliko yote katika mitihani ya majaribio ya wanachuo wangu lilikuwa hilo la “Nani aligundua?” Linapendwa kwa kuwa ni rahisi kulisahihisha: jina moja, alama moja. Kwa swali la namna hiyo vizazi vya watoto wetu vilijibu kwamba Mlima Kilimanjaro uligunduliwa na Johannes Rebmann mwaka 1848, na huku watu walikuwa wakilima migomba miguuni pake tangu zamani. Swali linalotaka jina litapata jina, hata kama ni la kubandikwa. Wenye hasara ni wale wasio na majina: wachonga pembe wa Salerno, mafundi wa kisanduku cha dira, wabebaji waliomtangulia Rebmann njiani. Sina ugomvi na watu wa Amalfi kwa sanamu yao. Ninachosikitikia ni kwamba mji uliojenga hospitali Yerusalemu na kuandika sheria za bahari umechagua kujisifia jambo ambalo mtu mmoja asiyekuwako hakulifanya.

Positano tulifika saa nane. Ni pazuri mno, nyumba zimepandana kama ngazi za rangi, na bei ya kahawa nayo imepanda vivyo hivyo. Nako wanadai kwamba Flavio Gioia alikuwa wao! Mjukuu wangu alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. “Wanagombania mkato,” akasema.

Wakati wa kurudi upepo ulikuwa umetulia, akaniuliza kama na sisi tunaye Gioia wetu. Nikamwambia yuko wa kufanana naye, ingawa yeye aliishi kweli. Mwezi Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Malindi, akapewa na mfalme wa pale rubani wa kumvusha Bahari ya Hindi, na mwezi Mei akaifikia Calicut. Vitabu vingi vya shule viliandika kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, mwanachuoni mkubwa wa elimu ya bahari, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba. Habari hiyo ilitoka kwa al-Nahrawali, mwandishi wa Makka aliyeandika miongo mingi baada ya tukio, na katika karne ya 20 Mfaransa Gabriel Ferrand akaieneza. Waliochunguza baadaye hawakuikubali. Habari za Wareno zinaelekeza kwa mtu wa Gujarati, ng'ambo ya bahari. Ibn Majid alikwisha kuwa maarufu kwa vitabu vyake, na jina maarufu huvuta matendo ya wengine.

“Sasa huyo wa Gujarati aliitwa nani?”

Nikamwambia kwamba Wareno wa karne ya 16 walimwandika Malemo Cana, wengine Malemo Canaqua. Neno la pili latokana na neno la Kihindi la mnajimu. La kwanza ni la Kiarabu, mu'allim, cheo ambacho mabaharia wa Bahari ya Hindi walimpa mtu aliyejua njia ya chombo. Ni neno lile lile tunalolitamka sisi mwalimu. Kwa hiyo Wareno waliandika kazi yake mara mbili. Jina alilopewa na wazazi wake hawakuliandika.

“Yaani alikuwa mwalimu kama wewe, Babu?”

“Wa bahari,” nikamwambia. “Mimi hata kuogelea sijui.”

Alifungua ukurasa mpya, akaandika juu yake maneno mawili, Gioia na Malemo, na katikati akaweka mkato mkubwa. Kisha akainuka akaenda upande wa omo, maana gati la Salerno lilikuwa limekaribia naye alitaka kuona kamba zikitupwa.