Mji Mkongwe wa Warsaw: Historia ya Ukongwe Uliojengwa

Katika miji mingi ya Ulaya, mtaa unaoitwa mji mkongwe ndio wenye majengo ya kale kuliko mitaa mingine yote, lakini Warsaw, mji mkuu wa Poland, umekwenda kinyume na kawaida hiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya nyumba za mtaa huo zilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950, hivyo umri wao ni mdogo kuliko ule wa nyumba za karne ya 19 zilizosalimika katika mtaa wa Praga, ng'ambo ya mto Vistula. Huelezwa mara nyingi kwamba mtaa huo ni nakala halisi ya ule uliobomolewa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Maelezo hayo yanapendeza, lakini hayatoshi, maana waliousimamisha tena walichagua ni kipindi gani cha historia yake kistahili kurudi na kipi kiachwe chini ya kifusi, na alama za uchaguzi huo zinaonekana hadi leo kwa anayezitazama kuta kwa makini.

Mji wenyewe ulianza mwishoni mwa karne ya 13 juu ya ukingo ulioinuka wa Vistula, ukapangwa kwa mitaa iliyonyooka kuzunguka uwanja wa soko wenye urefu wa takriban mita 90 na upana wa mita 73. Mwaka 1596 Mfalme Zygmunt III alianza kuhamisha makao ya ufalme kutoka Kraków, na baada ya moto mkubwa wa 1607 nyumba za wafanyabiashara zilizozunguka soko zilijengwa upya kwa fahari zaidi. Mwaka 1644 mwanawe, Mfalme Władysław IV, alisimamisha mbele ya Kasri la Kifalme nguzo ndefu yenye sanamu ya baba yake juu yake. Hata hivyo, utajiri haukudumu katika mtaa huo, kwani katika karne ya 19 matajiri walihamia mitaa mipya iliyo mipana, jengo la baraza la mji lililokuwa katikati ya soko likabomolewa mwaka 1817, na nyumba za zamani zikagawanywa vyumba vidogo vya kupangisha, zikaongezewa ghorofa juu na mabanda uani, mpaka mwanga ukawa haufiki madirisha ya nyuma. Vita vilipoanza mwaka 1939, Mji Mkongwe ulikuwa kwa sehemu kubwa mtaa wa watu maskini waliobanana.

Uharibifu wake mkubwa haukutokana na mapigano peke yake. Tarehe 1 Agosti 1944 wapiganaji wa siri wa Poland walianzisha uasi dhidi ya jeshi la Ujerumani lililoikalia nchi yao, na Mji Mkongwe ukazingirwa na kupigwa kwa mizinga na ndege hadi mwanzoni mwa Septemba, wapiganaji kwa maelfu walipoukimbia kwa kupita ndani ya mabomba ya majitaka chini ya ardhi. Uasi ulipozimwa tarehe 2 Oktoba, wakazi waliosalia walifukuzwa, kisha vikosi maalumu vya Wajerumani vikapita mtaa kwa mtaa vikichoma na kulipua majengo kwa baruti, kwa amri ya kuufuta mji usiwepo tena. Jeshi la Kisovieti lilipoingia Januari 1945, takriban asilimia 85 ya majengo ya upande wa kushoto wa mto yalikuwa yamebomolewa, na mjadala wa kuhamishia mji mkuu mahali pengine ulikuwa wa kweli.

Kujenga upya kuliwezekana kwa sababu kumbukumbu zilikuwapo. Kabla ya vita, wanafunzi wa usanifu majengo katika Chuo cha Ufundi cha Warsaw, chini ya profesa wao Oskar Sosnowski, walikuwa wakipewa kazi ya kupima majengo ya kale na kuyachora kwa vipimo kamili, na wakati wa ukaliaji wa Wajerumani kazi hiyo iliendelea kwa siri. Mwishoni mwa 1944, mji ukiwa tayari mahame, wasomi wachache walioruhusiwa kuingia kuokoa vitabu na kazi za sanaa walizitoa hati hizo kwa magari na kuzificha katika monasteri, yaani makao ya watawa, huko Piotrków Trybunalski. Hati hizo ni muhimu kuliko picha za rangi za Bernardo Bellotto, mchoraji wa Kiitalia aliyeichora Warsaw katika miaka ya 1770 kwa kutumia kisanduku chenye lenzi kinachotupa taswira juu ya karatasi, ingawa picha ndizo zinazosimuliwa zaidi. Bellotto aliwasaidia wajenzi hasa katika barabara ya Krakowskie Przedmieście inayoelekea Kasri, naye hakuona vibaya kurekebisha pambo hapa na pale ili picha ipendeze. Uwanja wa Soko ulitegemea vipimo.

Ofisi ya Ujenzi Mpya wa Mji Mkuu iliundwa Februari 1945, na idara yake ya majengo ya kihistoria ikawekwa chini ya msanifu Jan Zachwatowicz. Kanuni iliyokubaliwa na wataalamu wa wakati huo ilikuwa kwamba jengo la kale lihifadhiwe lilivyo, wala lisiundwe upya, kwa kuwa kuunda upya ni kughushi. Zachwatowicz aliijua kanuni hiyo na akakiri kwamba anaivunja, lakini hoja yake ilikuwa kwamba adui alikusudia kuyafuta majengo hayo ili alifute taifa lenyewe, na kwa hiyo kizazi kilichoshuhudia kina wajibu wa kuwarudishia wajao angalau umbo lake. Hoja hiyo ya moyo iliambatana na nguvu ya sheria, kwani agizo la Oktoba 1945, linalojulikana kwa jina la kiongozi wa dola Bolesław Bierut, liliifanya ardhi yote iliyokuwa ndani ya mipaka ya mji ya kabla ya vita kuwa mali ya umma. Bila agizo hilo, kila kiwanja kingekuwa na mwenyewe, tena wengine wamekufa na wengine wako uhamishoni, na mpango wa kuujenga mtaa mzima kwa pamoja ungekwama; pamoja na faida hiyo, agizo hilo hilo lilizaa kesi za madai ya mali ambazo zimeendelea kuusumbua mji tangu utawala wa kikomunisti ulipokwisha mwaka 1989.

Uwanja wa Soko ulifunguliwa rasmi tarehe 22 Julai 1953, na mtu aliyeufahamu kabla ya vita angeona upesi kwamba umebadilika. Mabanda ya uani hayakurudishwa, nafasi yake ikawa bustani na viwanja vya watoto. Ghorofa nyingi zilizoongezwa katika karne ya 19 ziliachwa, na nyumba zikarudishiwa kimo cha karne ya 17 na 18, huku ndani yake mkiwa na nyumba za kisasa zenye maji ya bomba na umeme. Nyumba 11 za upande wa kaskazini ziliunganishwa ndani kwa ndani zikawa makumbusho ya mji, ilhali kwa nje kila moja ina mlango na rangi yake. Mapambo ya kuta nayo si nakala. Mengi ni ya ufundi uitwao sgrafito, ambao fundi hupiga lipu tabaka mbili au zaidi za rangi tofauti, kisha kabla haijakauka hukwangua tabaka la juu kwa chuma kikali ili rangi ya chini itokeze na kufanya mchoro. Wasanii wa 1953 waliichora kwa mtindo wa wakati wao, na maua, wanyama na watu waliomo ni wa karne ya 20 waziwazi.

Mfano wa wazi kuliko yote ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohana. Kabla ya vita uso wake ulikuwa na minara midogo na nakshi za mtindo wa Kigothi wa Kiingereza, kazi ya msanifu Adam Idźkowski ya karne ya 19. Zachwatowicz hakuurudisha uso huo. Badala yake alibuni ukuta mpana wa matofali unaopanda kwa vidaraja hadi kileleni, kwa kukisia namna kanisa la karne ya 14 lilivyoweza kuwa katika jimbo la Mazovia. Ni jengo zuri, na ni vigumu kumlaumu, lakini linalotazamwa hapo kama mabaki ya zama za kati halikuwahi kuwapo kwa umbo hilo kabla ya miaka ya 1950.

Matofali yenyewe yana historia yake. Kifusi cha Warsaw kilichambuliwa na kutumika tena, lakini hakikutosha, hivyo matofali yaliletwa kwa treni kutoka miji iliyokuwa ya Ujerumani kabla ya 1945 na kuingizwa Poland baada ya vita. Ngome ya duara iliyokuwa ikilinda lango la kaskazini la mji, iitwayo Barbakani, ilijengwa upya kati ya 1952 na 1954 kwa matofali ya majengo yaliyobomolewa Wrocław na Nysa, kwa hiyo ukongwe wa Warsaw ulilipiwa kwa sehemu na ukongwe wa miji mingine.

Mwendo mfupi upande wa magharibi upo mtaa wa Muranów, ambao kabla ya vita ulikuwa kitovu cha maisha ya Wayahudi, waliokuwa karibu theluthi moja ya wakazi wa mji. Wajerumani waliufanya kuwa sehemu ya geto, yaani eneo lililozungushiwa ukuta la kuwafungia Wayahudi, na baada ya uasi wa geto wa Aprili 1943 wakaubomoa wote. Hakuna aliyepanga kuurudisha ulivyokuwa. Msanifu Bohdan Lachert alijenga makazi mapya juu ya kifusi hicho hicho, ambacho hakukuwa na mitambo ya kutosha kukiondoa, akatumia matofali yaliyofyatuliwa kutokana na kifusi kilichosagwa, na ndiyo maana hadi leo nyumba kadhaa za Muranów zimekaa juu ya vilima vidogo vyenye ngazi. Wenyeji wa mtaa huo waliuawa karibu wote, na ile hoja ya kuwarudishia wajao umbo la taifa haikufika kwao.

Siasa iliamua pia kasi ya kazi. Kasri la Kifalme, lililochomwa kwa mabomu tarehe 17 Septemba 1939 na kulipuliwa mwaka 1944, lilibaki kiwanja kitupu kwa miaka mingi kwa sababu viongozi wa chama cha kikomunisti hawakuwa na haraka ya kusimamisha makao ya wafalme, mpaka mwaka 1971, wakati serikali mpya ya Edward Gierek, iliyoingia baada ya wafanyakazi wa miji ya pwani kupigwa risasi, ilipohitaji jambo la kuwapatanisha watu nayo. Fedha zilichangwa na wananchi. Saa ya mnara iliyosimama saa tano na robo asubuhi siku ya shambulio la 1939 iliwashwa tena mwaka 1974 katika saa hiyo hiyo, na wageni wakaanza kupokewa katika kumbi za Kasri mwaka 1984.

Wakati huo Mji Mkongwe ulikwisha kuingizwa, mwaka 1980, katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, ingawa wataalamu walikuwa wamesita, kwa kuwa Mkataba wa Venice wa 1964 ulikuwa umepinga ujenzi wa nakala. Kilichoheshimiwa ni kazi yenyewe ya kujenga upya, na mwaka 2011 nyaraka za ile ofisi ya 1945 zikaingizwa katika rejista ya Kumbukumbu ya Dunia. Mjadala haujafungwa. Mwaka 2021 Poland ilipitisha sheria ya kulijenga upya Kasri la Saxon, lililolipuliwa mwishoni mwa 1944, na wanaolipinga wanaeleza kwamba safari hii hakuna wakazi wasio na makazi wala mtaa unaosubiri kurudishiwa uhai, wakati wanaoliunga mkono wanazitumia hoja zile zile za Zachwatowicz, karibu neno kwa neno.