Jiwe la Figo na Jeraha Linalopungua

Hospitali ya chuo kikuu iliyoko Kamenge, kaskazini mwa Bujumbura, wenyeji huiita Roi Khaled, kwa jina la mfalme wa Saudia. Jina hilo halijapotea njia: katika habari za mawe ya mkojo, Waarabu wana ukurasa wao. Tabibu Abul Qasim al-Zahrawi wa Kordoba, aliyefariki mwaka 1013, alieleza jinsi ya kupitisha kekee nyembamba kwenye njia ya mkojo na kuizungusha taratibu mpaka jiwe lililokwama livunjike. Hapo hapakuhitajika kisu.

Kwingineko kisu ndicho kilichotawala. Kiapo cha Hippocrates kilimkataza tabibu kumpasua mwenye jiwe. Kazi hiyo waachiwe mafundi wake. Mwaka 1658, jijini London, mwandishi wa shajara Samuel Pepys alifungwa kamba, akapasuliwa bila nusu kaputi, likatolewa jiwe linalosemekana kutoshana na mpira wa tenisi. Akapona, na kila mwaka akaisherehekea siku hiyo.

Hilo lilikuwa jiwe la kibofu. Mwaka 1824, mjini Paris, daktari Jean Civiale alilisaga la namna hiyo humo humo kibofuni, kwa chombo kilichopita njia ya mkojo. Figo ilikuwa shughuli nyingine: imejificha nyuma ya mbavu na imejaa damu. Hata katika karne ya 20 ilifikiwa kwa chale ya ubavuni, shibiri nzima au zaidi, na mara nyingine mfupa wa ubavu ukaondolewa.

Mwaka 1976, madaktari Fernström na Johansson wa Sweden walitangaza kwamba wamewatoa wagonjwa watatu mawe kupitia tundu la mgongoni. Miaka minne baadaye, daktari Chaussy wa Munich akavunja jiwe kwa mawimbi ya mshtuko bila kutoboa ngozi. Tundu halikupitwa na wakati kwa hilo. Jiwe kubwa, lenye matawi kama tangawizi, likivunjwa kwa mawimbi huacha kokoto zinazojipanga kwenye mrija wa mkojo na kuuziba. Kwa hiyo lililozidi sentimita 2 kwa kawaida hutolewa mgongoni.

Wengi husifu darubini inayopitishwa kwenye tundu hilo. Mimi nasifu sindano. Mgonjwa akiwa amelala kifudifudi, daktari huiongoza kwa picha ya eksirei au ultrasaundi, ipite kando ya mapafu, utumbo na mishipa mikubwa, mpaka mkojo uchirizike. Hapo tu ndipo hupumua. Waya huingia, mirija ya kupanua hufuata, tundu hufikia kama sentimita 1. Kisha darubini, maji ya chumvi, na jiwe hutwangwa mpaka vipande vyake vitoshe kupita.

Pepys alilitengenezea jiwe lake kasha, akakiri ni zuri ila ghali. Mgonjwa wa leo angepewa changarawe kwenye kichupa, kama maabara haijaichukua yote.