Lubumbashi: Mchoraji aliyengoja mnunuzi kabla ya kazi kubwa

Katika miaka ya 1970, wachoraji wa Lubumbashi waliuza picha kwa wafanyakazi waliotaka kupamba sebule zao. Mnunuzi hakuwa na pesa nyingi, kwa hiyo mchoraji naye alibana gharama. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora kwenye kitambaa cha magunia ya unga. Alirudia picha ambazo watu walizoea kununua, maana pesa ya rangi ilikuwa pia pesa ya chakula.

Lakini Tshibumba alitamani kuchora historia nzima ya nchi, iliyoitwa Zaire wakati ule. Mwishoni mwa mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, aliyefundisha chuo kikuu mjini humo na aliyekuwa tayari kununua picha hizo. Hapo Tshibumba hakusita. Kufikia mwisho wa 1974 alikuwa amechora picha karibu 100 na kuzieleza kwa Kiswahili. Mwaka 1996 zilitolewa katika kitabu.

Familia zilizohama makwao, nazo zinaanza upya kwa ushonaji, ususi au uchoraji, zina funzo hapa: tumia kwanza kilicho karibu, tengeneza kinachonunuliwa, na pesa nyingi itoke mnunuzi akishajulikana.