Maduka Madogo ya Waafrika na Habari ya Mkopo

Halmashauri imetuagiza tuandike katika taarifa ya mwaka huu maneno machache juu ya historia ya maduka madogo ya Waafrika katika Kenya, kwa kuwa mkutano mkuu utatakiwa kukata shauri kama mfuko wa chama uwakopeshe wanachama wenye biashara, au sivyo. Tumeona ni vema wazee na ndugu wakumbushwe mambo yalivyokuwa, ndipo wapige kura.

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, maduka yaliifuata. Allidina Visram, tajiri mashuhuri aliyefariki mwaka 1916, alikuwa na maduka mengi toka pwani hata Uganda. Desturi ya wafanya biashara wa Kihindi ilikuwa hii: tajiri wa jumla humpa mwenye duka dogo bidhaa bila fedha mkononi, naye hulipa akiisha kuuza. Kwa njia hiyo mtu aliweza kuanza na gunia moja la chumvi, akaishia katika nyumba ya mawe.

Mwafrika alizibiwa njia hiyo. Sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji ilitungwa mwaka 1903, ikatengenezwa upya mwaka 1948. Deni la Mwafrika kwa mtu asiye Mwafrika, likizidi shilingi 200, halikuweza kudaiwa mahakamani isipokuwa mapatano yameandikwa na kushuhudiwa na afisa wa Serikali. Ilisemwa kwamba ni kumkinga Mwafrika asizame katika madeni. Huenda wengine walinuia hivyo kweli. Lakini kinga ile iligeuka kuwa pingu. Tajiri gani angetoa mali asiyoweza kuidai? Sheria hiyo haikufutwa hata mwaka 1960.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, askari wetu walirudi na fedha zao. Wengi walijenga maduka ya mabati, wengine wakachanga wakanunua mashine ya kusaga unga au lori. Wazee husimulia jinsi maduka yalivyosimama mstari mmoja sokoni, yote yakiuza sukari, sabuni, kiberiti na mafuta ya taa, na wanunuzi wakiwa wale wale. Mengi yalifungwa upesi.

Imezoeleka kusema kwamba walishindwa kwa kutojua hesabu. Sisi tulio makarani hatukubali maneno hayo yote. Mwenye duka alinunua kwa fedha taslimu, kisha akauza kwa mkopo. Alikuja shemeji, akaja mwalimu anayengoja mwisho wa mwezi, akaja mzee ambaye kumnyima kibaba cha sukari ni aibu mbele ya kijiji. Daftari lilijaa majina na rafu zikabaki tupu. Sheria ya shilingi 200 haikugusa deni la Mwafrika kwa Mwafrika mwenziwe. Lakini nani angempeleka mjomba wake mahakamani? Waliosema kukopa harusi, kulipa matanga, walimfikiria mkopaji. Matanga haya yalikuwa ya mkopeshaji.

Wako waliotafuta dawa kwa kuungana. Mwaka 1947 Bwana Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu, aliandikisha pamoja na wenzake Luo Thrift and Trading Corporation. Waliuza hisa kwa Wajaluo waliokuwa kazini katika miji ya Afrika Mashariki, wakafungua maduka na kiwanda cha kupiga chapa. Walipata taabu nyingi za fedha, lakini watu waliona kwamba akiba ya wengi yaweza kufanya lile ambalo mtu mmoja hawezi.

Baada ya Uhuru Serikali iliunda Kenya National Trading Corporation mwaka 1965, ili Waafrika wapate bidhaa za jumla, na sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 ikawafungulia mitaa waliyokuwa hawaingii. Mlango wa juu ukafunguka. Ule wa chini, wa shemeji na mjomba, hauna sheria.

Nasi hatuna budi kusema ya kwetu. Chama hiki kiliwahi kuwa na duka, nalo lilifungwa. Tulipofunga hesabu, wadeni walioandikwa humo walikuwa wanachama watupu, na baadhi yetu tunaoandika taarifa hii tumo. Daftari lile lingali katika kasha la chama, na kila mwanachama ana ruhusa kulitazama kabla ya siku ya mkutano.