Wadudu badala ya omena: Protini mpya kwa samaki wa vidimbwi

UFUGAJI wa samaki katika ukanda wa Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, unakabiliwa na kikwazo kimoja kikuu, nacho ni bei ya chakula. Chakula humeza zaidi ya nusu ya gharama za mfugaji, na katika chakula hicho hakuna kiungo kilicho ghali kuliko protini. Ndiyo maana watafiti wamewageukia wadudu, hasa mabuu ya nzi mweusi ajulikanaye kitaalamu kama Hermetia illucens.

Kwa miaka mingi protini hiyo imetokana na omena na ochong'a, yaani dagaa na uduvi wadogo wa Ziwa Victoria, pamoja na soya. Hata hivyo, omena ni kitoweo cha watu wa kipato cha chini. Kila gunia linalopelekwa kwenye kiwanda cha vyakula vya mifugo ni gunia lililoondolewa katika soko la walaji. Hivyo samaki wa ziwani huliwa na samaki wa kidimbwini, na mwananchi hulipia wote wawili.

Athari za jambo hili zilidhihirika baada ya mwaka 2009, serikali ya Kenya ilipoanzisha Mpango wa Kuchochea Uchumi. Katika maeneobunge 140 yaliyochaguliwa, vilichimbwa vidimbwi 200 kwa kila eneobunge, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa mita 300 za mraba na vifaranga 1,000. Ruzuku ilipokwisha, wafugaji wengi walishindwa kununua chakula bora na vidimbwi vingi vikaachwa vikaota nyasi.

Alupe, katika Teso Kusini kando ya barabara ya Busia kwenda Malaba, inaonyesha pengo lilipo. Hapo pana kituo cha Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, pamoja na Chuo Kikuu cha Alupe kilichopata hadhi kamili mwaka 2022. Mihogo na mtama, mazao yanayostawi katika eneo hilo, humpa samaki nguvu, lakini muhogo una protini kidogo mno. Ngege anayekuzwa kwa ajili ya soko huhitaji chakula chenye protini ya asilimia 28 hadi 32, na kambare huhitaji zaidi.

Mabuu ya nzi huyo yakikaushwa huwa na protini ya asilimia 40 hadi 45, kiwango kinachokaribia kile cha soya. Nzi mwenyewe hang'ati wala hazururi jikoni kama nzi wa nyumbani. Akishakomaa huishi siku chache tu, akijamiiana na kutaga. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai, ambayo huanguliwa baada ya siku nne hivi. Mabuu hula mabaki ya mboga, matunda na nafaka kwa muda wa majuma mawili au matatu, kisha huvunwa kabla hayajajifunga ndani ya ganda. Joto linaloyafaa zaidi ni nyuzi 27 hadi 30 za Selsiasi. Masalio yanayobaki hutumiwa kuwa mbolea.

Hesabu ndogo yaweza kumsaidia mfugaji kupima jambo hili. Ili kuvuna kilo 200 za ngege, kwa wastani wa kilo moja na nusu ya chakula kwa kila kilo ya samaki, huhitajika kilo 300 za chakula. Robo ya chakula hicho ikiwa unga wa wadudu, hizo ni kilo 75. Kwa kuwa kilo tatu za mabuu mabichi hutoa takriban kilo moja ya makavu, atahitaji kilo 225 za mabuu mabichi. Nayo kilo moja ya mabuu hula kilo tano hadi kumi za taka. Kwa hiyo kidimbwi kimoja chadai tani moja hadi mbili na zaidi za taka zilizochambuliwa. Taka za aina hiyo hupatikana katika masoko ya Busia na Malaba. Kazi iko katika kuzikusanya kila siku na kuzitenga na plastiki.

Kuna tahadhari nyingine pia. Mabuu yana mafuta mengi, na yasipokamuliwa unga huvunda upesi. Yana upungufu wa baadhi ya viambato vya protini vilivyomo katika omena, hivyo hayafai kuwa protini pekee. Aidha, hufyonza madini yenye sumu kama kadimiamu kutoka katika taka chafu. Ni lazima yapashwe moto na kukaushwa vyema ili kuua vimelea.

Kenya haikuachwa nyuma katika suala hili. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kilichoanzishwa jijini Nairobi mwaka 1970 na mwanasayansi Thomas Odhiambo, kimefanya utafiti mwingi kuhusu nzi huyu. Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kilichoko Bondo nacho kina kituo cha umahiri kuhusu matumizi ya wadudu kama chakula na lishe ya mifugo. Mwaka 2017 Kenya ilitoa kiwango rasmi cha ubora wa wadudu waliokaushwa kwa ajili ya vyakula vya mifugo. Mwaka huo huo, kuanzia Julai 1, Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa wadudu wa aina saba utumike kulisha samaki wafugwao, ingawa ulikataza wadudu hao wasilishwe kinyesi wala makombo ya jikoni.

Kwa wenyeji wa magharibi mwa Kenya, wazo lenyewe si geni. Kumbikumbi wamekuwa kitoweo tangu jadi, na mchwa hutegwa kwa ajili ya kuku. Kilichobadilika ni kwamba mdudu sasa anafugwa badala ya kusubiriwa msimu wa mvua. Faida yake itategemea gharama ya kukusanya taka na kukausha mabuu. Ikizidi bei ya omena, mfugaji atarejea ziwani.