Kanuni za nyumbani (Dungeons & Dragons)

Kanuni za nyumbani ni mabadiliko ambayo kundi la wachezaji hujiwekea lenyewe juu ya kanuni zilizochapishwa. Zimeshamiri tangu mwanzo katika Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa Marekani mwaka 1974. Vijitabu vyake vitatu vya kwanza viliacha mapengo mengi. Kila meza iliyaziba kivyake.

Kanuni iliyowatatiza wengi ni ya kinga. Kwenye toleo la Advanced Dungeons & Dragons, asiyevaa deraya ana kinga 10, na mwenye deraya ya bamba na ngao ana 2. Kadiri namba inavyoshuka, hata chini ya sifuri, ndivyo mtu anavyozidi kuwa mgumu kupigwa. Kwa hiyo ngao ya uchawi iliyoandikwa “+1” hupunguza namba badala ya kuiongeza, na mgeni mezani hana budi kuelezwa mara mbili. Toleo la tatu, la mwaka 2000, liligeuza hesabu hiyo ipande.

Majedwali ya Advanced ya kulinganisha kila silaha na kila aina ya kinga yalirukwa tu na wengi, na si ajabu.

Kwenye Advanced pia, mchawi anayeanza alirusha dadu ya pande nne kupata pointi zake za uhai. Ikitoka 1, mkwaruzo mmoja ulitosha kummaliza. Makundi mengi yakampa 4 bila kurusha, na toleo hilohilo la 2000 likaifanya huruma hiyo kuwa kanuni rasmi.